Mama Goodness na Kliniki ya Alhamisi

Mimi ndiye niliyesikia harufu kwanza. Ilikuwa saa saba mchana, mwaka 2011, na mgahawa wa Mama Goodness pale Bagara, mjini Babati, ulikuwa umejaa watu wa maofisini kama kawaida. Nilikuwa nasubiri wali na samaki. Nikasema, "Mama Goodness, kuna kitu kinaungua."

Akafunua sufuria ya maharage, akachungulia, akakoroga. "Haya bado, baba. Labda ni kwa jirani."

Kilichokuwa kinaungua ni mguu wake. Kaa la moto liliruka kutoka jikoni likaingia kati ya unyayo na kandambili, naye akalisimamia huku akipakua sahani tatu. Zawadi, dada aliyekuwa akimsaidia kupika, ndiye aliyeona moshi. Alimsukuma akae, akaivua ile kandambili. Mama Goodness akautazama mguu wake kama anayetazama mguu wa mtu mwingine.

"Mbona sijasikia kitu?" akauliza.

Jina lake la ubatizo ni Xaveria. Alitoka Rombo mwaka 2003, mkoa wa Manyara ukiwa na mwaka mmoja tu, kwa sababu alisikia Babati panajengwa ofisi na mafundi hawana pa kula. Alianza na meza moja na sufuria mbili. Mimi nilipohamishiwa hapa kama karani, tayari alikuwa na chumba chenye meza saba, na binti yake Goodness alikuwa ameshamaliza ualimu na kupangiwa shule Singida. Kwa hiyo yule mama alikuwa ameshinda mambo mengi. Sukari ndiyo iliyokuwa inamshinda. Aligundulika mwaka 2006. Vidonge alimeza siku alizokumbuka, na siku nyingi alikumbuka jioni, akiwa ameonja mchuzi, chapati na chai ya maziwa tangu alfajiri.

Mara mbili alipewa barua ya kwenda kuonana na daktari bingwa Moshi. Kwenda na kurudi ni siku mbili za kufunga mgahawa. Barua zote mbili zilikuwa kwenye kabati la vikombe.

Tulimpandisha bajaji, nikamsindikiza mpaka zahanati. Tabibu wa pale aliitwa Damiani, kijana mpole anayeongea taratibu. Alisafisha kidonda, akamtoboa kidole, akasoma ile mashine ya kupimia sukari. Kumi na tisa, wakati ya kawaida haifiki nane.

"Mama," akasema, "nikikuandikia tena barua ya Moshi, utakwenda?"

Mama Goodness akaangalia ukutani.

"Basi sikiliza. Kuanzia mwezi huu kuna timu ya wataalamu wa kisukari inakuja hapa hapa Babati. Daktari bingwa mmoja, na muuguzi aliyesomea sukari tu. Wanakuja Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, kwenye kituo cha afya. Wanaona watu wazima wenye vidonda, wenye macho yanayofifia, na wale ambao sukari yao haishuki kwa vidonge. Wanataka barua yangu na daftari lako la kliniki, basi."

"Hapa Babati?"

"Kutoka kwako ni mwendo wa dakika kumi. Ila wewe hutatembea, utapanda bajaji."

Nilimwona akivuta pumzi. Aliipokea ile barua kwa mikono miwili, akaikunja, na safari hii akaitia kifuani.

Alhamisi iliyofuata alifika kituoni saa kumi na mbili asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, wakati mlinzi bado anafungua geti. Muuguzi aliitwa Evelyne. Alimlaza kitandani, akatoa kijiti chenye kiuzi kigumu cha plastiki nchani.

"Mama, fumba macho. Kila nikikugusa mguuni kwa kiuzi hiki, sema ndiyo."

Mama Goodness akafumba macho, akasubiri. Akasubiri sana. Mwishoni akasema, "Mwanangu, mimi niko tayari. Anza tu."

"Nimeshamaliza mguu wa kushoto, mama. Nimekugusa mara kumi."

Alinisimulia hayo kesho yake, na mpaka leo ndiyo sehemu anayoisimulia kwa sauti ya chini. Alilia pale kitandani. Evelyne alimwacha alie, kisha akamletea kioo kidogo cha mkononi na kumfundisha kukagua nyayo zake kila asubuhi na kila jioni, kwa sababu kile ambacho mguu hauwezi kumwambia, macho yanaweza. Daktari akambadilishia dawa, akamwanzishia sindano za insulini, na zahanati ikapewa maelekezo ya kumsafisha kidonda kila baada ya siku mbili. Alipewa pia kiatu cha wazi chenye soli laini iliyochimbwa kidogo pale kwenye kidonda. Akaambiwa akae.

"Mpishi akae?" alimuuliza daktari.

"Mpishi akae apone, au asimame apoteze mguu," daktari akajibu, na kwa namna alivyosema, Mama Goodness hakuona sababu ya kubishana.

Basi akakaa. Aliweka kiti karibu na mlango wa mgahawa, mguu juu ya kigoda, na kutoka pale akawa anamwelekeza Zawadi kwa sauti. Wiki ya kwanza tulimwonea huruma. Wiki ya tatu sukari ilisoma kumi na moja, na alikuwa anaitangaza kwa kila aliyeingia, kabla hata hujaagiza chakula.

Aliporudi kliniki kwa mara ya tatu, alikuta mabenchi mengi matupu. Walikuwa wagonjwa tisa tu.

"Wengine wako wapi?" akamuuliza Evelyne.

Evelyne akamwambia ukweli. Huduma ile ilikuwa ya majaribio. Wakubwa wake wangekuja mwezi unaofuata kuangalia, na kama wasingefika angalau wagonjwa thelathini, timu ingehamishiwa mji mwingine. "Tunajua wagonjwa wapo, mama. Hawajui tu kwamba sisi tupo. Na wengine hawajui kwamba wanaumwa."

Nilimkuta jioni hiyo kwenye kiti chake, macho yanawaka. "Watu wangapi wanakula hapa kwa siku?" akaniuliza.

"Mia moja na zaidi."

"Na wote lazima wapite mlangoni."

Kesho yake kazi ikaanza. Ungeingia na njaa yako, ungemwamkia, "Shikamoo mama," naye angeitikia, "Marahaba. Unaamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa?" Wakuu wa idara waliulizwa. Madereva wa mabasi waliulizwa. Afisa mmoja wa ardhi alikasirika akahama kwenda kula kwingine, akarudi siku ya nne na kusema taratibu, "Mara tano." Aliyekuwa na dalili alielekezwa kwa Damiani akapimwe. Aliyejijua tayari aliulizwa barua yake iko wapi.

Mgumu kuliko wote alikuwa Hamdani, mwenye duka la jirani, ambaye sote tulimwita Baba Siti. Mama Goodness alikuwa amemwona kwa miezi akimaliza jagi zima la maji kabla ya sahani kufika. Siku moja akamwita akae karibu.

"Baba Siti, kiu hiyo ni ya tangu lini?"

"Ni joto tu, Mama Goodness."

"Julai hii? Watu wamevaa masweta."

Hamdani akaangalia pembeni. Halafu akakiri. Alijua tangu miaka mitatu nyuma. Alikuwa anakunywa dawa ya mizizi, na hakutaka watu wajue, kwa kuwa kaka yake alikatwa mguu kwa sukari, na tangu hapo watu walimwita huyo kaka kwa jina la ugonjwa. Sasa herufi za kwenye mifuko ya unga hakuzisoma tena. Siti, binti yake, ndiye aliyekuwa anamsomea.

Mama Goodness hakumhubiria. Alifungua bandeji, akamwonyesha unyayo. Kidonda kilichokuwa na upana wa kizibo cha soda sasa kilikuwa kama punje ya mahindi, na nyama yake nyekundu, safi.

"Wameutibu huu mguu hapa hapa Babati," akasema. "Mimi na wewe tutakwenda pamoja. Ukiona aibu, sema unanisindikiza mimi."

Alhamisi ya ukaguzi niliomba ruhusa ofisini nikaenda kuona. Sijawahi kuona foleni ya hospitali yenye furaha kama ile. Bajaji zilikuwa zinashusha watu getini moja baada ya nyingine. Walikuwepo akina mama wa sokoni, mafundi, walimu wawili, wakulima kutoka kijiji cha Singe waliotembea tangu alfajiri kwa sababu dereva mmoja wa bodaboda aliwapelekea habari. Yule afisa wa ardhi alikuwa mbele kabisa. Damiani alikuja mwenyewe na bahasha ya barua alizoandika mpaka kalamu ikaisha wino. Hamdani alifika amevaa kanzu nyeupe, ameshikwa mkono na Siti, akamwambia mlinzi kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekuja kutibiwa sukari."

Evelyne alianza kuandika majina. Kila alipofika mwisho wa benchi, Mama Goodness, ameketi na mguu wake juu ya kigoda alichokuja nacho, alihesabu kwa sauti. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Aliyekuwa wa thelathini ni mzee mmoja wa kabila la Wairaqw ambaye hakuelewa kwa nini watu wote wanampigia makofi, lakini alivua kofia akashukuru. Mpaka saa nne walifika hamsini na mbili. Wale wakubwa wawili waliokuja kukagua walivua makoti na kusaidia kupima presha.

Daktari alimaliza kuona watu saa kumi na moja jioni. Alitoka nje akiwa amechoka, akatangaza kwamba timu haihami. Kuanzia mwezi uliofuata wangekuja kila Alhamisi, na mara moja kwa mwezi wangekwenda Singe, ili wale waliotembea wasitembee tena. Akina mama wakapiga vigelegele. Hamdani alikuwa ameambiwa kwamba jicho moja limeathirika lakini jingine litaokolewa, na alikuwa ameanza sindano siku hiyo hiyo. Alikuwa anamweleza kila mtu jinsi ambavyo sindano haiumi.

Kidonda cha Mama Goodness kilifunga mwezi wa Septemba. Evelyne alimpima tena kwa kile kiuzi. Safari hii alisema ndiyo mara mbili, zote kisiginoni mguu wa kulia. Vidole bado havisikii, na daktari alimwambia wazi kwamba huenda visisikie kamwe. Alilipokea hilo. Kioo chake anakitundika jikoni karibu na upawa, na hapiki tena bila viatu vya kufunika.

Jumatatu yake niliingia mgahawani nikakuta kile kiti cha mlangoni kina mteja. Yeye alikuwa amesimama jikoni, anapakua: mchicha nusu sahani, samaki wa ziwani, ugali kiasi cha ngumi. Nikalalamika kwamba ugali ni mdogo.

"Kwanza niambie," akasema bila kugeuka, "mara ya mwisho umepima lini?"

Nikakiri kwamba sijawahi. Akaniwekea sahani mezani, akavua aproni, akamwita Zawadi ashike upawa. "Kula haraka," akaniambia. "Damiani anafunga saa tisa, na leo nataka nitembee."