Wembe wa Tatu

Gereji nzima ilimwita Fundi Nyembe, na si kwa sababu ya ndevu. Mfukoni mwa shati lake la kazi zilikaa nyembe mbili kuukuu, zimebanwa pamoja kwa utepe. Kabla ya kufunga injini ya pikipiki, aliisukuma ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni, peke yake ndani ya silinda, kisha akachomeka nyembe zake katika pengo dogo linalobaki kati ya ncha mbili za ringi. Zikipita kwa shida kidogo, basi, anafunga. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini.

Jumatano moja shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, alimletea boksi. Ndani mlikuwa na pistoni ya mashindano, kichwa kimeinuka kama kipara, pamoja na ringi zake. Jumamosi kulikuwa na mbio za pikipiki za kupanda mlima. Mwaka uliopita pistoni ya aina hiyohiyo, aliyoifunga Fundi mwenyewe, ilimkwamia shemeji kwenye kona ya tatu, na sasa timu ilikuwa imempa nafasi ya mwisho.

"Shemeji, safari hii usiniaibishe."

"Ulijiaibisha mwenyewe, Oili Kavu. Chombo kinakauka oili, wewe unajitazama kwenye kioo."

"Nilipima oili asubuhi ile. Nimesema mpaka nimechoka."

"Haya, bibie."

Fundi alichomeka nyembe. Zilipita sawasawa. Angefunga palepale, lakini karatasi iliyokuja na boksi ilimnyima raha. Ilitaka pengo la sehemu tatu za kumi za milimita, yaani nyembe tatu. Kwa nini lipanuliwe, ilhali pengo likizidi nguvu huvuja? Na ringi ikishalika kwa tupa hairudi, wala hapakuwa na nyingine.

Akaenda kwenye kopo la vyuma chakavu, akachokora mpaka akaipata ringi ya juu ya mwaka uliopita. Akaisogeza mlangoni penye mwanga. Alitegemea kuona mikwaruzo ya ukavu. Badala yake ncha zake mbili ziling'aa kama kijiko kipya. Akazikutanisha, zikakaa pamoja bila hata uwazi wa unywele. Zilikuwa zimesuguana humo ndani. Basi pistoni ile ilipata joto kuliko za kawaida, ringi ikarefuka, pengo likaisha, ikakosa pa kwenda isipokuwa kubana ukuta wa silinda.

Akaita, "Shemeji, njoo uone."

Alimweleza yote, bila kuruka kwamba mwaka uliopita alipima kwa nyembe mbili tu. Shemeji aliigeuza ringi kiganjani.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimeitwa Oili Kavu bure."

"Bure kabisa. Nisamehe."

"Nitakusamehe Jumamosi, nikifika juu."

Fundi aliongeza wembe wa tatu, akashika tupa. Alikuna ncha moja tu, mara mbili, akapima. Akakuna tena, akapima. Ilichukua mchana wote.

Jumamosi shemeji alifika kileleni, wa nne. Wenzake wakimpongeza, Fundi Nyembe alikuwa keshachuchumaa kando ya injini, akingoja ipoe.

"Imefika, Shemeji. Unafungua ya nini tena?"

"Nataka kuona ncha."

Alipoichomoa ringi, ncha zilikuwa za kijivu, hazijasuguana, na alama za tupa bado zinasomeka. Akampa shemeji azitazame mwenyewe.