Mjukuu wa Bwana Kiko

Mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata siku ya kiama nitamuuliza malaika tarumbeta yake ameinunua duka gani. Basi nikiambiwa nisimulie habari za sinema za Voi, wakati uhuru ungali mbichi na sisi tukikaa kota za reli, mimi naanza na swali lililonisumbua muda mrefu: iliwezekanaje mtu mmoja akawa na sura tatu?

Mtu mwenyewe alikuwa mpelelezi wa Kiingereza. Mwembamba, pua ndefu, kiko hakimtoki mdomoni. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Kiko. Kazi yake ilikuwa kutazama matope kwenye kiatu chako na kukwambia umetoka wapi, umekula nini na umegombana na nani. Alikuwa na rafiki yake, daktari, na huyo kazi yake ilikuwa kushangaa. Mume wangu, ambaye alikuwa mpiga simu wa stesheni, alisema hiyo kazi ya kushangaa ndiyo angeitaka yeye.

Filamu zilikuja kwa treni kutoka Mombasa ndani ya mikebe mviringo ya bati. Zilikuwa kuukuu, watu wa Mombasa walikwisha kuzichoka, na mkanda ulikatika kila mara. Klabu ya wafanyakazi wa reli ilizionyesha Jumamosi alasiri. Kila mtu alibeba blanketi kutoka nyumbani, yakatundikwa madirishani kuzuia mwanga. Na jua la Voi unalijua. Humo ndani tulikuwa tunaiva pamoja kama mihogo kwenye sufuria, na hakuna aliyetaka kutoka. Mashine ya sinema iliendeshwa na fundi wa umeme, Mkamba mmoja mcheshi sana, na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu pia.

Filamu ya kwanza ya Bwana Kiko haikuwa na sauti hata kidogo. Watu walifungua midomo, wakaifunga, kisha yakaja maandishi ya Kiingereza, na fundi akayasoma kwa Kiswahili huku akitia chumvi yake. Mzungu mwizi akisema neno moja, fundi anatoa hotuba. Na wote walitembea upesi upesi. Walikunywa chai upesi, walipanda magari ya farasi upesi, hata kufa walikufa upesi.

"Sasa nimeelewa walivyotutawala," akasema mama mkwe wangu kwa sauti. "Watu wa haraka namna hii ungewakamatia wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Sasa ngoja nimweleze huyu mama, maana habari yenyewe ni yake.

Alikuwa ameteremka kutoka Ronge, kwetu milimani Taita, kuja kukaa nasi, kwa sababu nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu na miguu ilikuwa imevimba. Mjane, mtu wa kanisa, mkali. Sinema kwake ilikuwa mambo ya dunia. Alinifuata ile Jumamosi ya kwanza akinung'unika njia nzima: "Mimi nimekuja kukulinda usizimie huko. Sikuja kutazama." Lakini alikuwa amebeba kigoda chake, na tulipofika alikiweka mbele kabisa, mbele hata ya karani wa klabu. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akinikumbusha: "Mwanangu, leo si Jumamosi?"

Basi nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja gumu. Kwetu Taita jina la mtoto hutoka kwa watu wa ukoo. Mtoto wetu wa kwanza alichukua jina la marehemu baba mkwe, wa pili, msichana, akachukua la mama mkwe mwenyewe, naye akamwita "mwenzangu" na kumpendelea waziwazi. Mzee kupata wajina akiwa hai ni heshima yake. Ila kijana aliyeondoka bila mke wala mtoto ni mambo mengine. Katika ukoo wa mume wangu, jina la kijana kama huyo hupewa mtoto wa ndugu yake pale tu ukoo unapokubali kwamba harudi tena. Hupewa ili lisipotee.

Na mume wangu alikuwa na kaka. Kaka huyo alichukuliwa kwenda vita vya Mjapani, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, na wenzake waliporudi yeye hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa. Hakuna aliyeweza kusema amezikwa wapi. Mama yake akaamua kwamba yuko njiani. Kitanda chake kule Ronge kilitandikwa, na kila kiangazi mama alilitoa blanketi lake nje, akalianika, akalikung'uta, akalirudisha. Watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wamekwisha kuoa, naye yuko njiani bado.

"Akiwa wa kiume," mume wangu alimwambia mama yake jikoni kwangu, "tumpe jina la kaka."

Mama mkwe hakuinua hata uso kutoka kwenye mboga aliyokuwa akichambua. "Jina hilo lina mwenyewe. Mwenyewe anakuja."

"Mama, anakuja kwa njia gani hii ya miaka yote?"

"Wewe mpiga simu. Umepigiwa ukaambiwa amekufa? Hukupigiwa. Basi nyamaza."

Mume wangu akachukua kofia akatoka. Nilimhurumia, nikamhurumia na mama, nikajihurumia na mimi niliyebeba tumbo katikati ya vita vyao.

Filamu ya pili ya Bwana Kiko ndiyo iliyozua fujo. Hii ilikuwa na sauti, inakwaruza kidogo lakini sauti. Tukakaa tayari. Akatokea mtu na kiko, anaitwa jina lilelile, daktari wake pembeni anashangaa vilevile, lakini sura siyo! Huyu alikuwa na mashavu, na nywele zimerudi nyuma. Ebo! Watu wakasimama. "Fundi, huyu si yeye!" "Umetubadilishia mtu!" Fundi akazima mashine akajaribu kueleza kwamba ni mwingine lakini ndiye yeye, na hapo ndipo kelele zilipozidi. Mtu mmoja akasema fundi amekuwa mlevi.

Mama mkwe akainuka kutoka kwenye kigoda chake, akageuka kututazama.

"Kaeni chini. Nyinyi hamna macho? Yule wa kwanza alipanda gari la farasi. Huyu ana motokaa. Miaka imepita hapo katikati. Yule alikuwa babu, na huyu ni mjukuu. Amepewa jina la babu yake, amerithi kazi, na kiko pia amerithi. Ajabu iko wapi?"

Ukumbi ukaitikia. Kumbe! Wadawida, yaani sisi Wataita, wakaona wazi, Wakamba wakaona wazi, hata mama mmoja wa kutoka bara aliyekuwa akiuza viazi sokoni akasema kwao pia ni hivyo hivyo, mjukuu ndiye babu. Mambo yakaisha. Fundi akajikuna kichwa, akawasha mashine. Mimi peke yangu nilibaki nikijiuliza: na yule daktari naye ni mjukuu wa daktari? Familia mbili zikarithishana hata urafiki na hata kushangaa? Lakini tumbo lilikuwa zito na joto lilikuwa kali, nikaliacha swali hilo kiporo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mama mkwe alimwosha, alimpaka mafuta, alinipikia uji, alinikanda mgongo kwa maji ya moto. Alifanya yote. Jina tu hakutoa. Kupendekeza jina lingine hakutaka, maana zamu ilikuwa ya yule kaka na zamu hairukwi. Na la kaka hakulitoa. Tukamwita mtoto Mgeni. Majirani wa kota wakapata mchezo: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wenu atapata jembe kabla ya jina!" Nilicheka nao mlangoni, nikaingia ndani nikalia. Nilimkasirikia yule mama, nasema wazi. Niliona mtoto wangu amewekwa nje ya mlango wa ukoo, akisubiri mtu ambaye hatafika ampishe. Na kasisi alikwisha kutuuliza mara mbili: ubatizo uko karibu, mtoto anaitwa nani?

Jumamosi moja kabla ya ubatizo huo ikaja filamu ya tatu. Nilikwenda na mtoto mgongoni, mama mkwe na kigoda chake. Bwana Kiko alikuwa mwingine tena, sura ya tatu, na safari hii hakuna aliyepiga kelele. "Kitukuu," mtu akasema, na sote tukatulia. Lakini hadithi yenyewe ilikuwa ya vita. Kulikuwa na ving'ora, ndege, majumba yaliyobomolewa, askari wakipita mistari kwa mistari. Bwana Kiko alikuwa akitafuta wapelelezi wa adui. Nilimtazama mama mkwe. Hakumtazama Bwana Kiko hata kidogo. Alikuwa ameinama mbele akitazama askari, mmoja mmoja, na walipopita haraka alinyoosha mkono kidogo kama mtu anayetaka kusimamisha basi.

Ilipokwisha, watu wakaanza kuteremsha mablanketi yao, jua likaingia. Mama mkwe hakuondoka. Alimwendea fundi pale kwenye mashine.

"Mwanangu, wale askari walirudi kwao?"

Fundi, ambaye kila siku alikuwa na mzaha, hakuwa nao. "Mama, wale si askari. Ni waigizaji. Wamevishwa tu nguo."

"Na Bwana Kiko?"

"Mwigizaji pia. Yule wa kwanza ni mtu mwingine, wa pili mwingine, wa leo mwingine. Hawana undugu. Filamu zilitengenezwa nyakati mbalimbali, na kila mara anatafutwa mtu wa kumfanya."

Hapo ugonjwa wangu ukanipanda. "Kumfanya nani?" nikauliza. "Mwenyewe yuko wapi, huyu anayefanywa?"

"Hayuko," fundi akasema. "Hakuwahi kuwako. Kuna Mzungu alimtunga kwenye hadithi, basi. Wenzake wakampenda, wanakataa afe."

Nilishangaa kuliko yule daktari. Miezi yote hiyo, pua ile, kiko kile, na hakuna mtu! Nilitaka kuuliza mengine kumi. Lakini mama mkwe alinishika mkono, akaniuliza polepole, kama mtu anayehesabu hatua kwenye giza: "Anasema hakuzaliwa?"

"Hakuzaliwa, mama."

"Hakuna mwanamke aliyemzaa."

"Hakuna."

Akarudi kwenye kigoda chake akakaa. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Tulimsikia akisema, na hakuwa akisema na sisi:

"Mtu ambaye hakuzaliwa, watu wanapokezana kumbeba. Mmoja akichoka, mwingine anampokea. Na wangu niliyemzaa mimi, kwa uchungu wangu, nimekataa abebwe na mtu."

Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata mume wangu hakuwa amewahi. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, kilio ambacho kilikuwa kimengoja tangu askari wenzake mwanawe waliporudi bila yeye. Fundi akaenda akasimama dirishani akitupa mgongo. Mimi nilipiga magoti pale kwenye sakafu ya klabu, hasira yangu yote imeniishia, tukalia pamoja mpaka mtoto akaamka mgongoni na kulia na yeye.

"Mlete," akasema.

Nikamfungua, nikampa. Akamfuta uso kwa ncha ya leso yake, akamtazama sana, kisha akalitaja lile jina. Nyumbani mwetu jina hilo lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona tu, tukiwa na hakika mama hayuko karibu. Yeye alilisema kama wanavyoitana watu wa milimani, kutoka kilima hiki mpaka kile. Mtoto akanyamaza. Akamwita tena.

Jumapili hiyo kasisi alilipata jina lake. Mume wangu alipolitamka kanisani sauti ilimkatika, na mama yake akamtazama kwa ukali ule wa siku zote, akamwambia asimame wima.

Kiangazi kilipofika tulipanda Ronge, familia nzima. Watoto wakubwa walikuwa wakijua kwamba kile kitanda cha chumba cha nyuma hakikaliwi wala hakishikwi. Waliwahi kuchapwa kwa ajili yake. Blanketi lilikuwa limeanikwa nje tangu asubuhi kama kawaida. Mama mkwe akalikung'uta, akaliingiza ndani, akalitandika vizuri, akanyoosha pembe zote. Kisha akamchukua mtoto mikononi mwangu akamlaza katikati. Alionekana mdogo mno kwenye kitanda kile cha mtu mzima. Mimi nilisimama mlangoni, nikiwa na maswali yangu yote, na sikuuliza hata moja.

Mama mkwe akamfunika mpaka kidevuni.

"Lala," akamwambia. "Umechelewa sana."