Nilimsema mwalimu wa sayansi mkutanoni, sasa naogopa zaidi

Wakuu, hamjambo. Humu huwa nasoma tu, siandiki. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, hapa Malindi.

Mdogo wangu Kadzo yuko gredi ya tisa, shule ya serikali huku Shella. Anataka uuguzi, na mtihani ni mwaka huu. Mama anafanya kazi Mariakani, kwa hiyo mzazi shuleni ni mimi.

Siku moja alirudi nyusi moja imeungua. Mwalimu wa sayansi aliongeza spiriti kwenye taa ya majaribio ambayo bado inawaka. Maabara hakuna, majaribio wanafanyia madawatini.

"Usimlaumu, kaka," akaniambia. "Yeye alisomea historia. Sayansi amepewa tu."

Tangu hapo, siku za sayansi simu siiachi mkononi. Simu ikilia, nadhani ni hospitali.

(Mtaala mpya ulioleta gredi hizi una mazuri yake, sibishani na hilo.)

Ukaitwa mkutano wa wazazi. Kadzo akanishika shati mlangoni. "Ukimsema watamtoa. Na hatuna mwingine."

Nikaenda hivyo hivyo.

Wazazi walivutana sana. Hawa wanataka asiyesomea somo asilifundishe, wale wanasema heri huyo kuliko kukosa.

Nikasimama, nikaanza kwa sauti ya chini. Mwenyekiti akasema, "Kijana, toa sauti, hapa si ukweni!" Watu wakacheka.

"Mdogo wangu ameungua nyusi," nikasema. "Anayewawashia moto alisomea historia."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mwenyewe akainuka. Nilijua sasa ananitukana.

"Anasema kweli," akasema. "Hata mimi nikiwasha ile taa naogopa. Niliomba niletewe mwenzangu wa sayansi, sikupewa."

Wiki iliyofuata akaondolewa kwenye somo. Wa kushika nafasi yake hajaja hadi leo.

Nyusi imeota. Kadzo hanisemeshi, anasoma peke yake. Jana tu ndipo aliponiuliza, "Kaka, asidi ni nini hasa?"

Nikamwambia nitamjibu kesho akitoka shule.

Nilichojifunza: ukitaka mwalimu aondolewe, uliza papo hapo nani anakuja, na lini. Mimi niliogopa moto nikasahau mtihani.

Wenye watoto shule za mjini, kwenu sayansi anafundisha nani?

Na anayejua asidi ni nini aniandikie kwa maneno mepesi. Kadzo anakaribia kurudi.