Mkanda wa Meno Nilioufukiza Udi

Mume wangu ana miaka sitini na saba na anateleza kwenye theluji. Ndiyo, hapa hapa Dubai, kwenye lile jumba la theluji ya mashine, ambako nje watu wanakaangwa na jua na ndani wamevaa makoti. Alianza baada ya kustaafu ukarani wa bandarini. Kabla ya hapo alikaa sebuleni miezi minane akinihesabia vijiko na kuuliza nani kahamisha chumvi, mpaka nikamwomba Mungu amrudishe kazini au anichukue mie. Kisha jirani yetu mmoja Mzungu, alipokuwa anahama, akamwachia ubao wake wa kutelezea, pamoja na viatu na vile vifungo viwili vinavyoshika viatu juu ya ubao. Vya zamani, lakini vizima. Ikawa kila Jumanne asubuhi anakwenda, na akirudi anakula, anacheka, ananitania. Nikampata tena mume.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mie ni mtoto wa Unguja, na kwetu kitu hakiingii kabatini bila kufukizwa udi. Kanzu, mitandio, mapazia, hata mito. Na vile vifungo vilikuwa vinanuka, jamani, vinanuka hadi stoo haiingiliki. Basi Jumatatu moja nikawasha chetezo, nikakifunika kwa kikapu cha kufukizia nguo, nikavipanga vifungo juu yake, kisha dada yangu akapiga simu. Dada yangu hana salamu fupi. Niliporudi vilikuwa vinanukia utadhani vinakwenda harusini. Nikavirudisha stoo, nikajisifu.

Kesho yake akaanguka. Hakuvunjika, alhamdulillah, kiwiko kilichubuka na goti likavimba kidogo. Lakini alirudi na uso ambao sikuupenda.

"Mguu umenikataa," akasema. "Nilikuwa nakata kona, nikauhisi umelegea, nikajikuta chini. Basi. Uzee ushafika."

Nikaenda stoo kutazama. Kila kifungo kina mkanda wa plastiki wenye meno madogo madogo, na kibano cha chuma kinachoyang'ata hayo meno ili kiatu kikazike. Mkanda mmoja ulikuwa umepinda, na meno yake yamelainika yakalala. Mguu wa watu haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na la dada yangu.

Ningesema pale pale. Nikauchuna. Niliona haya, na nilijua atanisimulia kwa kila mgeni mpaka tuzikwe. Nikajiambia nitatafuta mkanda mwingine kimya kimya, nitaufunga, atateleza, atajionea mwenyewe kuwa mguu ni mzima.

Wiki tano! Wiki tano mji huu umenizungusha kama pia. Wanauza dhahabu kwenye mashine, lakini kipande cha plastiki urefu wa kiganja, hakuna.

Kijana wa duka la michezo aliutazama mtandio wangu, akautazama mkanda, akaniuliza ni wa nani. "Wangu," nikamjibu, maana alishaniudhi. Akasema hivyo havitengenezwi tena, ninunue vifungo vipya. Lakini vipya vinataka ubao wenye matundu manne, na wetu una matatu. Basi ninunue na ubao. Na viatu pia, maana hivyo navyo vimepitwa. Nikamwuliza kama na mume nimbadilishe moja kwa moja. Wala hakucheka.

Nikahamia maduka ya zamani ya Al Ras. Kule mwenye duka hasemi hana, kwake ni aibu. Atakwambia, "Iko, mama, iko, kaa," uletewe kiti, uletewe chai ya maziwa, na mtu atumwe mbio vichochoroni. Duka la kwanza nikaletewa mkanda wa sanduku la safari. La pili, vibanio vya kufungia nyaya. La tatu, mkanda wa begi la skuli, una picha ya paka.

"Same-same," akanambia mwenyewe kwa fahari.

"Same-same na nini?" nikamwambia. "Mtu mzima akafungwe mguu na paka?"

Kila mmoja aliupiga picha mkanda wangu akamtumia binamu yake, na kila binamu akasema bukra, yaani kesho, inshallah. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Chai nilikunywa mpaka tumbo likanisuta. Ya Rabi, mtu akikwambia hana, si unashukuru unakwenda zako?

Na nyumbani hali inazidi. Msikiti wetu wa Al Warqa ni mwendo wa dakika tano, akaanza kutaka kupelekwa kwa gari. Ngazi akawa anazipanda kwa mikono miwili. Siku moja akanambia wali unamlemea, nimpikie uji. Nikampikia! Nasimama jikoni nakoroga uji wa mtu asiyeumwa, roho inanisuta, na mdomo nimeufunga. Nikamkasirikia yeye. Kwani mwanamume gani anaanguka mara moja tu anajifanya kizee?

Mwisho mpwa wangu akanambia kuna ghala la vifaa vikuukuu vya michezo kule Dubai Investments Park. Nikachukua teksi. Getini mlinzi akanizuia, eti sina kibali. Hapo ndipo nilipomwaga yote kwa Kiswahili, kuanzia dada yangu mpaka yule paka. Mlinzi akashika mbavu.

"Kumbe mathee ni wetu!"

"Wenu wa wapi? Mie wa Unguja."

"Si ni Kiswahili tu? Mimi wa Kericho. Poa, ngoja nikuitie mtu wa stoo."

Mtu wa stoo akaniburutia kreti zima la mikanda iliyong'olewa kwenye mbao za kukodisha. Nikakaa chini sakafuni, na abaya langu, nikajaribu mmoja mmoja kwenye kibano nilichokuja nacho. Wa ishirini na kitu ukauma, kak, kak, kak, ukashika. Nilipiga kigelegele ghalani peke yangu.

Jioni ile nikaufunga kwa bisibisi, nikauleta ubao sebuleni. "Haya, baba watoto. Kesho Jumanne."

Hata hakugeuza shingo. "Mpe mtu mwenye miguu."

"Miguu yako haina neno. Mkanda ndio ulioachia."

"Usinibembeleze, bibi. Mguu ni wangu, niliuhisi."

Nikabaki nimesimama na ubao kama mwuza mbao. Kumbe wiki zote zile nilikuwa natafuta kitu ambacho hakikuwa na kazi. Hakuhitaji mkanda. Alihitaji nifungue mdomo.

"Ni mie," nikasema. "Nilivifukiza udi usiku wa kuamkia siku uliyoanguka. Meno yaliyeyuka. Mguu wako haukufanya kitu."

Nilingojea anicheke. Masimango yake nilishajitayarishia. Akazima televisheni.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Wiki tano," akasema polepole. "Wiki tano nakaa hapa najiandaa kufa, na wewe unanikorogea uji."

Nilitaka kumwambia nimezunguka vipi, nimetukanana na nani, nimekaa chini ghalani. Alisimama, akapanda ngazi kwenda kulala, haraka, bila kushika ukuta.

Asubuhi nilimsikia akiutoa ubao, gari likawaka. Ni mwaka wetu wa arubaini na moja wa ndoa, na siku ile ndiyo ya kwanza yeye kutoka nyumbani bila kuniaga.