Chupa ya Mzee Abdulwahab

Mzee Abdulwahab alikuwa na ugomvi mmoja tu duniani, nao ulikuwa na wageni wanaotembea peke yao. Wengine wote alipatana nao, hata mimi Yotham, dereva Mgogo, ambaye kila nikifika aliniuliza kama kule Kongwa tumeshawahi kuona mvua.

Siku hizi meli za watalii zikitia nanga Dar es Salaam kwa siku mbili tatu, baadhi ya abiria hupanda treni ya umeme mpaka Dodoma. Mimi huwachukua stesheni, tukapita Msalato, tukaenda Kondoa kuona michoro ya kale mapangoni. Wapo wa kundi, ambao wamelipia kila kitu melini na wanakwenda anakokwenda kiongozi. Na wapo wa peke yao, wenye ramani kwenye simu na ubishi mwingi.

Makundi yalikuwa ya Abdulwahab. Aliyaongoza kwa miaka thelathini na minne, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Aliyapeleka pango la chini, kwenye mchoro wa twiga watatu wekundu, na kabla ya kusema lolote alifungua chupa ya maji akaumwagia mwamba. Rangi ilikolea papo hapo, twiga wakajitokeza, wageni wakapiga makofi na picha.

“Wana kiu hawa,” alikuwa akiwaambia. “Lazima uwanyweshe kwanza.”

Baba yake alifanya hivyo hivyo. Mimi niliona ni ufundi, na katoni za maji nilikuwa namletea mwenyewe kutoka mjini.

Miaka ya karibuni twiga wa kushoto alianza kufifia. Mzee akaongeza maji, chupa moja ikawa mbili. Mwishowe hakuonekana hata akiloweshwa, na mwamba ukabaki na utando mweupe kama chumvi iliyokauka sufuriani. Abdulwahab alilia, si kwa mfano, alilia machozi mbele yangu. Kisha akatafuta mkosaji, akawapata wale wa peke yao. Wanapapasa, alisema, wanakwaruza, hawana wa kuwakemea. Akaiandikia kamati ya kijiji barua kwamba mtu yeyote asipande mlima bila kiongozi. Kikao kikapangwa Ijumaa baada ya swala, na shahidi ni yeye. Aliweka heshima yake yote pale.

Jumatano ya wiki hiyo nilileta kundi la watu kumi. Wa kumi na moja alikuwa bibi mmoja mzungu, mjane, aliyelipia kiti cha gari tu na kukataa kiongozi.

“Yotham, huyu unamwacha apande peke yake?”

“Kalipia usafiri, mzee. Nimfunge kamba?”

“Atatumalizia na hawa wawili waliobaki!”

Bibi akapanda kimya kimya na fimbo yake. Abdulwahab akaongoza kundi lake, akamwaga maji yake, akapigiwa makofi. Walipokwisha kushuka ndipo yule bibi alipotokea, amechoka, suruali imejaa miiba. Akakaa jiweni karibu na mzee, akamwonyesha simu.

Alikuwa amepotea njia akafika pango la juu. Makundi hayafiki huko, kuna mwinuko mkali. Kwa miaka yote wamekuwa wakipanda wale wakaidi tu. Kwenye simu walionekana pofu wanne, wale wanyama kama swala wakubwa, wekundu, wazima, hata kwato unazihesabu.

“Lile sijawahi kulimwagia maji,” mzee akaniambia. Alisema hivi hivi tu, bila kufikiri.

“Nimewaona hawa,” bibi akasema, “lakini niliowafuata ni hawa.” Akatoa picha ya karatasi kwenye pochi. Marehemu mume wake aliipiga mwaka 1994, na yeye alitaka kusimama pale pale, peke yake, bila mtu wa kumhimiza.

Twiga walikuwa watatu. Kando yao alisimama kijana mwembamba anacheka, chupa mkononi, na maji yanatiririka shingoni mwa twiga wa kushoto.

Mzee akaichukua ile picha, akaisogeza karibu na macho.

“Yotham,” akasema, “ni mimi.”

“Naona, mzee.”

“Nilikuwa naanzia upande gani?”

Nilijua. Nilimwona akifanya mara ngapi sijui. Nilitamani kudanganya na sikuweza. “Kushoto.”

“Niliwanywesha mpaka wakafa,” akasema, akamrudishia bibi picha yake kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda garini nikakaa na zile katoni za maji.

Ijumaa alisimama kikaoni akaeleza yote, chupa, baba yake, picha. Akaomba barua yake ifutwe. Wajumbe wakatazamana. Abdulrahim, mwenyekiti, akasema kwa upole kwamba mzee amefanya kazi muda mrefu, amechoka, na wageni wamemchanganya. Wakaipitisha barua ile ile. Sasa hapandi mtu bila kiongozi, na wamechonga ngazi ili makundi yafike pango la juu.

Abdulwahab alirudisha kitambulisho chake cha kazi. Binti yake, Salma, ndiye anayeongoza. Mzee mwenyewe hukaa chini ya mlima na kapu, anawaomba wageni waache chupa zao hapo. Wananung'unika, jua ni kali, wengine wanazificha mikobani. Mzee hajapanda tena tangu siku ile ya picha.

Mwezi uliopita nilipanda na kundi, na nilipokuwa nashuka akaniita.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umefika pangoni?”

“Nimefika.”

“Wale wawili wapo?”

Wa katikati sikumwona. Nilisogea karibu, nikainamisha kichwa huku na huku, sikumwona.

“Wapo, mzee,” nikamwambia.

“Alhamdulillahi,” akasema, akamnyooshea kapu mgeni aliyefuata.