Paka ya Mademoiselle na mabati kumi na mbili

Adolphine alikuwa na miaka kumi wakati baba yake alibeba ngozi ya ng'ombe ku kichwa, mwendo wa siku nzima, kutoka kwao Walungu mpaka kwa mwenye ng'ombe. Kwetu Bushi mutu mwenye mali anakupa ng'ombe yake uichunge. Unakunywa maziwa, unaweka mbolea mu shamba, na siku moja, kama umechunga vizuri, anakupa ndama. Lakini ikifia mu mikono yako, unabeba ngozi na kuitandika mbele yake, aone kama haukuiuza na haukuila kwa siri.

Ile ng'ombe ilianguka mu bonde. Adolphine alitembea nyuma ya baba yake, ameshika mukia ya ngozi ili isifagie njia. Mwenye ng'ombe alipitisha kidole pahali ilipasuka, kisha akasema: "Nimeona. Keti unywe."

Aliniambia ile habari mara mingi, tukichambua maharagi. Tulikuwa majirani kule juu Kadutu, mu muji wa Bukavu, tukisali parokia moja. Jina lake la karatasi, tangu miaka ya authenticité, wakati serikali ilikataza majina ya kizungu, lilikuwa Nsimire, lakini sisi wa kanisa tuliendelea kumuita Adolphine. Wajukuu wake wanajua habari ya paka kama kichekesho tu. Kichekesho kilikuwamo, ni kweli. Lakini si hicho tu.

Miaka kumi na tisa Adolphine alimupikia Mademoiselle Eulalie, Mubelgiji aliyefundisha wasichana kushona kule Ibanda. Habari ya ngozi alimuelezea naye, mu jikoni. Mademoiselle alikuwa na ugonjwa wa sukari, alijipiga sindano ya insuline kila siku. Ndiyo maana alitambua haraka wakati paka yake Mistigri, dume kubwa ya rangi ya majivu, ilianza kunywa maji kama ng'ombe na kulowesha sanduku yake yote ya muchanga. Kisha sisimizi wakapanga mustari mpaka mu ile sanduku.

"Adolphine, angalia," Mademoiselle akasema. "Ni kama mu choo yangu. Sisimizi wanapenda sukari, hawachagui nani aliikojoa."

Padri mumoja aliyesomea magonjwa ya wanyama alihakikisha. Kwa hiyo bibi na paka wakatumia dawa ya namna moja, kila mutu na kipimo chake, na Adolphine akajifunza kuchemsha sindano ya kioo na kuvuta ngozi ya shingo ya paka taratibu.

Mwezi wa kumi na moja 1979, Mademoiselle aliitwa kwao kupasuliwa nyonga. Miezi tisa, walisema. Alimuachia Adolphine paka, chupa mbili za insuline, na franga za kununua zingine, noti za kumi-kumi zilizokunjwa mu kopo ya maziwa.

"Mistari mitatu ya sindano asubuhi, mistari mitatu magharibi, akiisha kula," alisema. "Anakula mukate uliolowekwa mu maziwa, unajua namna anapenda. Chupa ikifunguliwa isipite mwezi na nusu. Nitamukuta?"

"Utamukuta, Mademoiselle."

Mimi ninajua kama wakati ule alikuwa anaona ngozi ku kichwa cha baba yake.

Akapanda na paka mpaka kwake, imefungwa mu kikapo. Chupa aliziweka mu nyungu ndogo ndani ya nyungu kubwa, katikati muchanga wa maji, zikae baridi. Na jirani yetu Apolline, mwenye kuuza mafuta ya mawese mbele ya mulango wake, hakungoja hata siku mbili.

"Maman Adolphine! Ni kweli munyama wako anapigwa sindano asubuhi na magharibi?"

"Ni kweli."

"Batoto ba Kadutu banakosa nivaquine ya malaria, na huyu Citoyen anatunzwa kama mukubwa wa serikali! Siku ukichoka, uniitie. Miye niko na chungu, niko na pilipili."

Watu wakacheka, na tangu siku ile paka ikaitwa Citoyen, mwananchi, vile serikali ilitaka tuitane, mu kilima kizima. Adolphine alicheka pia kidogo. Kisha akasema: "Nivaquine ya batoto bako, uniambie, tutaitafuta pamoja. Lakini huyu aliwekwa mu mikono yangu."

Noeli ikafika, akaenda kuisherehekea Walungu na ndugu zake, paka mu kikapo, chupa mu nguo iliyoloweshwa. Kule ndiko radio ilisema kama noti za tano na za kumi zimekufa, kila mutu azipeleke ku banki mu siku chache tu. Mutakumbuka nyinyi muliokuwapo. Gari hakuna, njia matope. Alipofika Bukavu, mustari wa watu ulikuwa unazunguka banki na kushuka mpaka barabara. Alisimama siku mbili. Siku ya tatu mulango haukufunguka tena. Akarudi na kopo yake. Zile noti alizichoma? Hapana. Aliziweka vile zilivyo, aje amuonyeshe mwenyewe.

Mwezi wa pili mwanzoni chupa ya pili ilikuwa inaisha. Ku farmasi wakamutajia bei mara tatu ya ile Mademoiselle alimuambia. Adolphine alikuwa na kitenge cha mama yake, cha zamani, kizito, hakukivaa ila Pasaka na Noeli. Akakiuza. Akapata chupa moja.

Kilichobaki mu nyumba chenye bei kilikuwa mabati. Alikuwa mujane, na nyumba yake ilifunikwa na vipande vya mapipa vilivyooza. Mvua ya mwezi wa tisa ilikuwa inaingia mpaka ku kitanda. Kwa miaka saba alinunua mabati, moja leo, moja mwaka kesho. Yalikuwa kumi na mbili, yamelala chini ya kitanda, na kumi na mbili ndiyo hesabu fundi alimupa.

"Utayauza?" nikamuuliza.

"Chupa hii ikiisha, nitauza ine. Nyingine ikiisha, ine tena."

"Na mvua?"

"Mvua ninaijua, tumezoeana. Ngozi ndiyo sitaki kubeba."

Mu roho nilifikiri sawa na Apolline, chungu na pilipili, Mungu anisamehe.

Hapo Kwaresima ikaingia. Adolphine alikuwa mutu wa kufunga kweli, si wa kujionyesha. Mwaka ule alitoa sukari ya chai yake na ndizi za kuiva, aombee nyonga ya Mademoiselle ipone. Kisha akaangalia paka, imekaa mbele ya sahani inangoja mukate wake wa maziwa, na akaona si haki.

"Ni bibi yako tunamuombea," akaiambia. "Wewe pia utatoa kitu."

Basi paka akaingia Kwaresima. Mukate ukaisha, maziwa yakaisha. Ilipewa ndagala za Uvira, samaki zile ndogo za kukauka, zilizoloweshwa, na vipande vya mapafu ya ng'ombe siku zisizo Ijumaa. Siku mbili Mistigri ililia na kugeuza mugongo. Siku ya tatu ikala ndagala zote na kulamba sahani. Sindano zikabaki vile vile, mistari mitatu na mitatu.

Juma la pili, Ijumaa, nilisikia Adolphine anaita jina langu. Nilikuta paka imelala upande, miguu inatetemeka, macho wazi lakini haioni. Adolphine alikuwa amepiga magoti karibu yake. Apolline alisimama mu mulango, kipimo cha mafuta bado mu mukono.

"Nimemuua," Adolphine akasema. "Sindano nimepiga vizuri. Nimemuua na nini?"

Nilikimbia ku dispensaire kumuita Papa Emile, infirmier, mutunza wagonjwa, mutu mufupi mwenye kutembea haraka. Alipoona tu, akasema: "Sukari! Kuko sukari mu hii nyumba?"

Haikuwamo, juu ya Kwaresima. Apolline ndiye alirukia kwake, akarudi na sukari mu kiganja na maji mu kikombe. Papa Emile akapakaa ile sukari ya maji ku ufizi wa paka, kidole kwa kidole. Sisi tulisali. Kiisha muda, mukia ukachezacheza. Kisha Mistigri ikainua kichwa, ikamuangalia Papa Emile vibaya, na kumuuma kidole.

"Huyu amepona," akasema, akifuta damu. "Maman, alikula nini siku hizi?"

Adolphine akainamisha kichwa. "Nilimufungisha."

"Ulimufanya nini?"

"Kwaresima, Papa Emile. Alitoa mukate na maziwa."

Papa Emile akakaa chini ku udongo, akacheka mpaka akashika tumbo. Apolline naye. Mimi pia, na machozi bado ku macho. Adolphine peke yake hakucheka.

Kisha Papa Emile akamuelezea vizuri, kwa maana alikuwa mutu muzuri. Mukate ndio ulikuwa unaleta sukari mu damu. Dawa ilikuwa inapigana na mukate. Sasa mukate haupo, dawa inakuta adui ameenda, inapiga paka yenyewe. "Chakula kikibadilika, sindano inabadilika. Lakini usimurudishie mukate! Tupunguze dawa, tuone."

Wakapunguza. Mistari miwili, kisha mumoja. Adolphine alivuta mukojo ku muchanga kwa kijiko na kuupeleka ku dispensaire. Papa Emile aliuchemsha na ile dawa yake ya bluu, ambayo inageuka rangi ya tofali kama sukari iko. Siku zingine, bila kulipa kitu, Adolphine aliangalia sisimizi. Mustari wao ulikuwa munene, ukawa mwembamba, ukawa sisimizi watatu waliopotea njia. Alhamisi Kuu hakukuwapo hata mumoja, na maji ya Papa Emile yalibaki bluu kama shela ya Bikira Maria. Pasaka paka haikupigwa sindano. Wala kesho yake.

Adolphine alienda kuungama kama alifungisha munyama mpaka karibu afe. Padri, kwa sauti iliyokuwa inajizuia, akamuambia: "Mama, paka hana Kwaresima. Lakini usimuondoe mu hii ya kwake, inamuponyesha."

Mabati yalibaki kumi na mbili chini ya kitanda.

Mademoiselle alirudi mwezi wa nane, na fimbo, amekonda. Alipanda Kadutu mwenyewe, akipumzika ku kila mulango. Mu saki yake alileta chupa sita za insuline kwa ajili ya paka. Adolphine akatoa Mistigri, kisha kopo na noti zilizokufa, kisha chupa ya tatu, imebaki nusu, akaeleza yote. Hakusema kuhusu kitenge. Apolline ndiye alisema, kutoka mulango wake, hakuna aliyemuuliza.

Mademoiselle akafunika kopo. "Nikupe nini, Adolphine?"

"Kwetu mwenye kuchunga anapewa ndama. Lakini huyu ni dume, tutangoja mingi."

Chupa sita zilienda ku dispensaire kwa Papa Emile. Wagonjwa wa sukari mu Kadutu hawakukosa. Juma lililofuata kitenge kipya kilifika, si kama kile cha mama yake, lakini kizuri. Na mwezi wa tisa fundi alipiga misumari. Usiku wa mvua ya kwanza Adolphine alisema kelele ya mabati ilimunyima usingizi, na alifurahi.

Mwaka 1984 Mademoiselle alirudi kwao kabisa. "Mistigri sasa ni yako," alisema. Adolphine akaitika kwa heshima, lakini hakuacha kuiita "paka ya Mademoiselle". Ilikufa miaka miwili baadaye, ya uzee, mu jua, karibu na mulango. Adolphine aliizika nyuma ya nyumba. Kuchuna ngozi hakuweza. Akachukua makasi, akakata nywele kidogo za mukia, za rangi ya majivu, akaziweka mu bahasha na kumuandikia Mademoiselle siku na namna ilikufa.

Jibu lilikaa miezi ine. Nilimusomea mimi, kwa maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Mademoiselle alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake, herufi kubwa, maneno matatu tu: "Nimeona. Keti unywe."

Akanisomesha mara mbili. Kisha akasimama kuweka maji ku moto.