Sahihi Ambayo Baba Yake Waithera Hakuiweka

Saa moja na nusu asubuhi, Waithera Irungu amekwisha kushona kola tatu. Cherehani yake iko barazani mwa duka la vitambaa, Majengo, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Ni Januari 1986. Mteja mmoja anamnyooshea sketi ya bluu.

"Niachie pindo refu," anasema. "Huyu wangu anarefuka kama nini."

Waithera, mwenye miaka ishirini na mitano, anacheka. Januari nzuri humpa shilingi elfu moja na mia tano. Miezi mingine hushona viraka.

Alizaliwa hapo karibu, Shauri Moyo. Akianza kuikumbuka, mguu hupunguza mwendo kwenye pedali.

"Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza. Redio moja ilisikika nyumba nne. Na Bi Raho, jirani yetu, akikaanga mahamri, mtaa wote ulijua."

Agosti 1973, akiwa na miaka kumi na miwili, alishikwa na maumivu ya tumbo. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, fundi seremala Irungu, alimwombea siku mbili, kwa kuwa kanisa lake lilikataza hospitali. Siku ya tatu Bi Raho aliita teksi, akampakia Waithera hadi hospitali bila kumuuliza mtu.

Daktari alisema ni kidole tumbo, apasuliwe siku hiyo hiyo. Irungu alipofika alikataa kuweka sahihi.

"Mimi ndiye baba yake," alisema. "Bila mimi hamumgusi."

Daktari akapeleka ombi kwa hakimu, na Irungu akaitwa. Bi Raho alifuatana naye. Ndiye aliyemsimulia Waithera baadaye. Hakimu hakumfokea.

"Mzee, mtoto ni wako, hakuna anayekunyang'anya," alimwambia. "Lakini sheria ilikupa sahihi hiyo umlinde nayo. Haikukupa ruhusa ya kumwacha afe."

Hakimu akatia sahihi yeye mwenyewe.

Waithera alilazwa siku kumi na mbili. Irungu alikuja kila siku, akaketi kando ya kitanda. Siku ya tano alimshika mguu juu ya blanketi.

"Mama," alisema, maana binti huyu ana jina la mama yake Irungu, "ningekuzika kwa mikono yangu mwenyewe."

Akalia. Waithera hajamwona akilia tena.

Kanisa lilimtenga Irungu kwa kwenda hospitali kila siku. Jumapili walishinda nyumbani, akimfundisha kupima na kukata, kwanza mbao, kisha nguo kuukuu.

"Zile Jumapili," anasema Waithera, "ningezirudia hata leo."

Sasa macho ya mzee yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo tu. Irungu hataki.

"Siwezi kumshtaki kwa hakimu," anasema Waithera. "Ni mtu mzima, mwili ni wake. Yangu ni kumbembeleza."

Amepanga mwezi wa Machi, kazi ikipungua, afunge cherehani wiki nzima amuuguze. Jumapili iliyopita alimuuliza tena. Mzee hakusema hapana. Aliuliza atalala hospitalini siku ngapi.